KIHINDI CHA MASIKIONI NA KIHINDI CHA KAZI

Ndugu Mhariri, na wanachama wenzangu,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme juu ya jambo ambalo wengi karakanani wamelifanya la kunichekea, nalo ni kujifunza Kihindi kwa simu. Miezi saba sasa, kila nikitoka kazini hutia vidude masikioni nikasikiliza somo la dakika 30, huku natembea na kujibu kwa sauti kama mwenda wazimu. Wameniita Kalasinga, wameniita Patel, na mmoja ameniuliza duka langu litafunguliwa lini. Sikasiriki. Lakini tangu ile ajali iliyomvunja mguu mwenzetu naona jambo hili limetoka katika mizaha, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Kwanza nieleze masomo yenyewe, maana kuna wanaodhani ni ya watu waliosoma sana. Mimi nilisoma shule ya msingi ya misheni mpaka darasa la nane, basi. Masista walitufundisha kwa kuimbisha: Sista anasema, sisi twajibu, anasema tena, twajibu tena, na kesho yake kabla ya sala anakuvizia mlangoni anakuuliza lile la jana. Haya masomo ya simu ni hayo hayo. Sauti inasema neno, inakuuliza, kisha inanyamaza kidogo ili ujibu mwenyewe, halafu inakupa jibu lililo sawa. Hakuna kuandika. Bwana mmoja wa Marekani, Paul Pimsleur, aliandika mwaka 1967 kwamba neno jipya lapaswa kurudiwa baada ya sekunde 5, kisha sekunde 25, kisha dakika 2, dakika 10, saa 1, saa 5, siku 1, siku 5, siku 25, miezi 4, na miaka 2. Yaani ulikumbushwe karibu na wakati ambapo ungelisahau. Sista wetu hakumsoma bwana huyo, lakini mlangoni alikuwa akijua.

Taabu moja kubwa ni kwamba masomo niliyoyapata yanaeleza kila kitu kwa Kiingereza. Kwa hivyo mtu wa darasa la nane ana kazi mbili: atoe maana katika Kiingereza aipeleke kwenye Kiswahili, kisha ndipo aitafute katika Kihindi. Mara nyingi sauti ilinipita nikiwa bado njiani. Siku za kwanza nilirudia kila somo mara tatu, na sioni haya kusema hivyo.

Lakini ndugu zangu, kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia, nikaligundua mwenyewe: nusu ya safari tulikwisha kuifanya zamani. Safari kwa Kihindi ni safar, na msafiri ni musafir. Habari ni khabar, dunia ni duniya, wakati ni vaqt, hesabu ni hisab, haki ni haq, dawa ni dava, sabuni ni sabun, tayari ni taiyar. Mengi ya hayo yalitoka kwa Waarabu na Waajemi, yakaenda Bara Hindi kwa njia yake na yakaja kwetu pwani kwa njia yake, kisha leo yanakutana tena. Na yako mengine tuliyoyapata kwa Wahindi wenyewe: chapati, laki, bima, na hata gari letu. Gari la moshi kwao ni rel gari, ingawa ile r ya gari wanaitamka kwa kukunja ulimi nyuma.

Na sikilizeni hili. "Main karkhane men kam karta hun" maana yake ni "Mimi nafanya kazi karakanani". Karkhana ndiyo karakana! Na lile neno dogo men linakaa nyuma ya karkhane kama vile -ni yetu inavyokaa nyuma ya karakana. Mwingereza huliweka neno hilo mbele, naye hupata shida kuligeuza. Sisi tulikwisha zoea kulitia nyuma tangu kunyonya: nyumbani, shambani, kazini. Siku nilipolielewa hilo nilisimama njiani nikacheka peke yangu, na mama mmoja muuza mboga akamvuta mtoto wake karibu.

Tahadhari, lakini, maana neno laweza kufanana sura lisifanane moyo. Sisi tukisema sahibu twataka kusema rafiki. Kwa Kihindi sahab ni bwana mkubwa, mwenye ofisi. Neno ni moja, ila sisi tulilipa kiti karibu nasi na wao wakalipa kiti juu yao. Nilimwita fundi mmoja "sahab" nikidhani nafanya urafiki, naye akatazama nyuma aone ni mkubwa gani amefika.

Magumu yapo. Kitenzi kinakaa mwisho, kwa hivyo hujui mtu anataka kufanya nini mpaka amalize kusema. Tena mwanamume na mwanamke hawasemi sawa. Mimi nikisema naelewa, nasema "samajhta hun". Mwanamke husema "samajhti hun". Katika masomo yangu sauti ya mwanamke ilikuwa safi zaidi, nikaifuata hiyo, na kwa wiki nne nilijitangaza kuwa mwanamke mbele ya watu. Nyumbani nako hakukuwa na amani, maana mama watoto alisikia sauti nyororo ikiniuliza maswali usiku nami naijibu kwa adabu.

Kisha kuna neno kal. Kal ni jana, na kal ni kesho. Parson ni juzi, na parson ni keshokutwa. Kinachotenganisha ni kitenzi kule mwisho wa sentensi. Fundi aliniambia kwamba vipuri vilikuja kal. Mimi nikanasa kal tu, nikawatangazia wenzangu kwamba ni kesho, tungoje. Tukangoja mchana kutwa, watu sita, tumeketi juu ya masanduku. Ndani ya masanduku ndimo mlimokuwa vipuri, vimefika tangu jana yake.

Juu ya sauti zenye pumzi, kama khana na ghar na chh, ndugu zetu wa Mombasa wana faida. Mtu wa Mvita husikia tofauti ya paa la nyumba na paa yule mnyama, kwa pumzi tu. Na t zake ni mbili, moja ya menoni na moja ya nyuma yake. Sisi wa bara yatupasa kufungua masikio upya.

Kabla sijafika kwenye ajali niwajibu wale wasemao, "Mbona Kihindi? Wahindi wa Kenya wanajua Kiswahili, na siku hizi kwenye reli ni Kichina." Ni kweli, tangu reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilipofunguliwa mwaka 2017, anayetaka kujifunza Kichina ana sababu yake, na simzuii. Ni kweli pia kwamba Wahindi wengi wazaliwa wa hapa nyumbani kwao husema Kigujarati, Kipunjabi au Kikachi, wala si Kihindi hiki cha masomo, ingawa wengi wanakielewa kwa sababu ya filamu na nyimbo. Mwenye duka mtaani kwetu nilipomsalimu kwa Kihindi alinijibu kwa Kiswahili kizuri kuliko changu, akaniuliza nataka unga kilo ngapi. Hao si wa kuhangaikia. Nasema juu ya mafundi wanaoletwa kwa mkataba kutoka Bara Hindi, wa miezi sita, wa miaka miwili, ambao hawajui Kiswahili, na wengine Kiingereza chao ni kidogo kuliko changu. Hao tunashika nao chuma kimoja, huyu mwisho huu na yule mwisho ule.

Jambo hili si geni katika reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901, njia ilipojengwa toka Mombasa mpaka Kisumu, waliletwa watu kama 32,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao wa Punjab. Kama 2,500 walikufa, na kama 6,700 walibaki huku. Na katika chama cha wafanya kazi pia si geni. Makhan Singh, aliyezaliwa Punjab mwaka 1913 na kufika Nairobi mwaka 1927, alishika ukatibu wa chama mwaka 1935, na chama hicho kikafungua mlango kwa wafanya kazi wa kila rangi. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai walianzisha East African Trade Union Congress. Serikali ya kikoloni ilimkamata Mei 1950, na hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961. Mimi najiuliza jambo dogo tu: seremala wa Kipunjabi na mchukuzi wa Kikuyu wakikaa benchi moja mkutanoni, ilikuwa lazima mmoja ajifunze neno la mwingine. Chama hakikujengwa kwa ishara za mikono.

Sasa ajali.

Baadhi yetu tulipelekwa kwa muda katika yadi ya kampuni moja ya makandarasi, ambayo siitaji jina kwa kuwa shauri bado liko mezani, kusaidia kufunga mashine iliyotoka ng'ambo. Walikuja na mafundi wawili wa Kihindi. Mmoja, kijana, alijua Kiingereza, naye ndiye aliyekuwa mdomo wa kazi yote. Wa pili, mtu wa makamo kutoka Kanpur, fundi hasa, hakujua ila Kihindi. Siku ile kijana aliitwa ofisini. Kazi haikusimamishwa. Chuma kilikuwa kimening'inia kwa mnyororo, na mwenzetu amesimama chini upande wa kushoto. Yule wa Kanpur aliona ndoano inateleza kabla yetu sote. Akapiga kelele: "Hato! Hato!"

Mwenzetu aliinua uso akamtazama. Aliniambia baadaye hospitalini kwamba alidhani anaambiwa habari ya hatua, asogeze hatua moja, lakini hakujua aende wapi, basi akangoja aonyeshwe. Chuma kilishuka juu ya mguu, ukavunjika mahali pawili.

Mimi nilikuwa hatua sita tu kutoka pale. Nilikuwa nimekwisha maliza masomo 58. Niliweza kuuliza hoteli iko wapi, niliweza kuagiza chai bila sukari, niliweza kusema kwamba mke wangu angependa kununua shali lakini bei ni ghali sana. Neno hato sikulijua. Masomo yalinifundisha "jaiye", yaani tafadhali nenda, na "baithiye", yaani tafadhali keti, kwa maana mtalii husema na watu kwa heshima, nao husema naye kwa heshima. Hato maana yake ni ondoka hapo, bila tafadhali, kwa maana chuma hakina tafadhali. Ningalikuwa nalijua, ningalimvuta.

Silaumu waliotengeneza masomo. Walimfikiria mtu wa ndege na hoteli, na mtu huyo wamemtumikia vema. Hawakutufikiria sisi, maana hawajui kwamba tupo.

Ripoti ya kampuni ilipotoka ilisema mfanya kazi "hakufuata agizo alilopewa". Hapo ndipo nilipokosa usingizi. Agizo gani? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 6, yamtaka mwajiri atoe habari, maelekezo, mafunzo na usimamizi unaohitajika ili watu wawe salama. Mimi si wakili, lakini naona agizo lililosemwa kwa lugha asiyoijua mtu si agizo, ni kelele. Kama tungempigia kelele mkurugenzi wao kwa Kiluhya tukamwambia hakufuata agizo, angetuitikia nini?

Katika mkutano wa tawi mzee wetu mmoja wa kamati, ambaye namheshimu kwa kuwa alisimama katika migomo mimi nikiwa bado mtoto, alinipinga. Alisema: "Kijana, ukijifunza lugha ya tajiri kwa usiku wako na kwa pesa zako, kesho tajiri ataiandika kuwa ni kazi yako. Mwajiri alete mkalimani. Hiyo ndiyo dai letu, usilipunguze nguvu." Watu wakapiga makofi, na mimi nilipiga pia, maana kuna kweli ndani yake. Dai letu la kwanza na libaki lilo hilo: kama fundi hajui lugha ya walio chini ya chuma, asiyeijua hiyo asimamishe kazi mpaka mkalimani arudi, na kusimama huko kusikatwe katika mshahara wa mtu. Hilo liandikwe katika mapatano.

Lakini naomba mzee wangu anisikilize kwa mambo mawili. Mkalimani ni mtu, huenda chooni, huitwa ofisini, na mnyororo haujui kama ameondoka. Na la pili, Kihindi si lugha ya tajiri peke yake. Yule wa Kanpur si tajiri. Baada ya ajali alikaa juu ya mbao akilia, nami nikamwendea na Kihindi changu cha shali na chai. Nilimwita "bhai", yaani ndugu, naye akaniita bhai. Siku zilizofuata, kidogo kidogo, alinieleza kwamba ana miezi 14 hajapata chhutti, ndiyo likizo. Kwamba ana binti wawili. Kwamba tankhah yake, yaani mshahara, ilicheleweshwa mara mbili. Yule kijana mkalimani hajapata kututafsiria hayo hata siku moja, kwa sababu kazi yake ni kutafsiri habari za mashine. Tulikaa naye karibu miezi mitatu tukidhani ni macho ya kampuni. Kumbe naye ni mazdur, mfanya kazi kama sisi, na neno la kwanza alilonifundisha nje ya habari za mashine ni hartal. Maana yake ni mgomo.

Basi yeye na mimi tukatengeneza somo letu. Kila wakati wa chai, chini ya mti, alisema neno na mimi nikalitia katika simu, kisha nikasema kwa Kiswahili. Tuliacha sekunde chache katikati ili mtu ajibu mwenyewe, kama masomo yale makubwa. Ni maneno 12 tu: hato, ondoka, ruko, simama, chhodo, achia, pakdo, shika, dhire, polepole, upar, juu, niche, chini, age, mbele, pichhe, nyuma, chalu karo, washa, band karo, zima, khatra, ambalo hamhitaji niwaambie maana yake ni hatari. Tulibishana juu ya ruko na roko, maana ruko ni wewe simama, na roko ni kizuie hicho kisiende, na mtu akichanganya hayo mawili aweza kujitupa mbele ya kitu badala ya kusimama. Roko tukaliacha mpaka wenzetu wazoee. Alisisitiza pia nisiseme kwa upole. "Piga kelele," akaniambia, "hakuna anayesema hato polepole." Kwa hivyo katika kanda hiyo mtasikia watu wawili wakifokeana, msidhani ni ugomvi.

Naye akataka ya kwetu. Toka, simama, achia, shika. Toka alilipata mara moja, na sasa analisema hata kwa kuku.

Nimeandika maneno hayo kwa chaki ukutani pale yadi, karibu na mtungi wa maji, Kihindi kushoto na Kiswahili kulia. Msimamizi mmoja aliyafuta mara moja akisema ukuta si ubao wa shule. Nikayaandika tena, na hajayafuta tangu hapo. Naomba Katibu wa tawi alitie jambo hili katika ajenda ya mkutano ujao pamoja na lile dai la mkalimani, yote mawili, wala moja lisile nafasi ya jingine. Naomba pia kila tawi ambalo lina mafundi wa nje, wawe Wahindi au Wachina au Waturuki, lifanye orodha yake ya maneno yasiyozidi kumi na mawili, na wayaseme mafundi wenyewe kwa sauti zao, kwa maana sauti utakayoisikia siku ya hatari ni ya yule, si ya bibi wa hotelini.

Mwenzetu ameanza kutembea kwa gongo moja. Shauri la fidia lina miezi mitano sasa. Yule wa Kanpur mkataba wake unakwisha mwezi ujao, naye amekubali kuandika kwa Kihindi aliyoyaona siku ile na kutia sahihi kabla hajaondoka. Tunamtafuta mtu wa kuandika tafsiri ya Kiswahili, aijue lugha vizuri kuliko mimi, na asiwe wa kampuni. Mwanachama anayemjua mtu wa namna hiyo amwambie Katibu haraka.

Kanda yetu ni ya dakika 11. Anayeitaka aje karakanani saa ya chakula nimpe bure. Aje na simu yenye nafasi.

Wenu katika chama,
Mfanya kazi wa karakana